Jumamosi Kumi za Kufunga Pete

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza leo, na sisi tumeanza leo. Daftari hili nimelinunua kwenye meza ya muuza karatasi palepale maonyeshoni. Miaka thelathini na moja nimechapa barua za watu wengine nikiwa karani wa shule. Haya sasa ni yangu.

Kila msimu wa mvua ukumbi mkubwa wa mabati nyuma ya kiwanda cha nyuzi hufunguliwa Jumamosi kumi mfululizo kwa watu wenye kazi za mapenzi yao: wanaounda meli ndogo ndani ya chupa, wanaofuga ndege wa kuimba, wanaofufua saa za ukutani. Safari hii niliona tangazo la meza ya kufundishia kutengeneza fito za kuvulia samaki, kila mtu ufito wake, wa kipimo chake. Nikajiandikisha mimi na mume wangu. Si kwamba napenda samaki. Tangu astaafu kupima ardhi, Mpima amekuwa akizunguka nyumbani akinipangia sufuria kwa ukubwa. Nikasema tutoke, la sivyo tutauana.

Fundi wetu ni mwanamke mwembamba ambaye hajafika miaka arobaini. Hacheki ovyo. Alitupa kila mmoja ufito mtupu, mweusi, mwepesi kama hakuna ulichoshika.

"Kabla ya yote mtafute mgongo wake," akasema. "Simamisha shina mezani, ubonyeze ncha kidogo, halafu uviringishe kwa kiganja. Kuna upande utaruka wenyewe. Hapo ndipo mgongo ulipo. Mkifunga pete za kupitishia mshipi pembeni ya hapo, ufito utajipinda mkononi kila mkirusha."

Sisi tulibaki tunaviringisha kama watu wanaokanda unga. Mpima aliupata mara moja, akatia alama ya chaki.

"Umewahi kufanya kazi hii, Mzee?" Fundi akauliza.

"Hapana, binti yangu. Nimewahi kunyoosha mipaka ya watu."

Meza nzima ikacheka. Nilijisikia vizuri, kama zamani aliponichukua kazini na wenzangu wakachungulia dirishani.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Binti yetu kapiga simu kutoka kwake. Kazungumza na baba yake muda mrefu. Nimefua nguo, haijakauka hata moja.

Jumamosi, 14 Machi

Leo mpini. Unavalishwa shinani, unapakwa gundi, unakazwa. Jirani yetu mezani ni dereva wa gari la wagonjwa, jitu la miraba minne lenye vidole vinene na sauti ya upole. Fundi aliposema wiki ijayo tunafunga pete, Dereva akaguna: "Mimi ya kwanza niliifunga ikafunguka mwaka wa pili. Namuomba Mungu hizi zishike." Hata Fundi alitabasamu.

Mpima aligundisha mpini wake kichwa chini. Gundi ilikuwa bado haijakauka, Fundi akauvua akaugeuza. Mimi ndiye niliyeona haya.

Jumatatu, 16 Machi

Barabara ya nyuma imejaa maji. Mpima kaniuliza mara mbili kama nimefunga dirisha la stoo.

Jumamosi, 21 Machi

Kazi ya pete ni hii. Pete ina mguu mwembamba wa chuma. Unaulaza mguu juu ya ufito, unaushika kwa utepe wa karatasi, kisha unazungusha uzi kutoka nje kuelekea pete, mzunguko kando ya mzunguko, bila kupandiana wala kuacha nafasi. Mizunguko thelathini kila mguu. Kwenye wa ishirini na nne unaingiza kitanzi cha uzi, unazungusha sita juu yake, na mwisho unaupitisha uzi kwenye kitanzi na kuuvuta chini ya mizunguko yake mwenyewe. Hakuna fundo. Uzi unajishika wenyewe.

Mimi nimependa. Sikutegemea. Ni kama kuchapa: macho hapa, mikono pale, na akili katikati inapumzika.

Mpima alizungusha hadi mguu ukapotea na uzi ukaendelea mbele juu ya ufito mtupu. Fundi akamwambia, "Mzee, umepita." Akafungua, akaanza upya. Akapita tena. Mara ya tatu alisimama kwenye kumi na kitu, akaingiza kitanzi, uzi wote ukafumuka.

Nadhani anafanya makusudi. Hapendi kufundishwa na mwanamke mdogo.

Jumapili, 22 Machi

Binti: "Mama, baba kaniuliza mara tatu nimepanda cheo lini."

Nikamwambia simu ilikuwa inakatika. Haikuwa inakatika.

Jumamosi, 28 Machi

Naandika haya yanisute.

Leo kila mtu alikuwa kwenye pete ya tatu. Mpima alikuwa bado kwenye ya kwanza. Aliifunga vizuri, akaitazama, akachukua wembe akaikata, akaifunga tena, kana kwamba hakuwa ameshaifunga. Nilimwangalia akiikata mara ya pili. Mabati yalikuwa yanapigwa na mvua, mtu wa ndege analalamika, kichwa kinaniuma. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu:

"Una nini wewe? Pete ileile mara ya tatu! Unataka kunionyesha nini?"

Dereva akainama kwenye uzi wake. Mpima alinitazama, na usoni hakuwa na hasira hata kidogo. Hasira naijua, nimeishi nayo. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

"Samahani," akasema. "Nilidhani bado."

Katika miaka thelathini na sita ya ndoa hajawahi kuniomba samahani haraka hivyo.

Jumanne, 31 Machi

Mvua siku tatu. Hatujazungumza mengi. Kaweka miwani kwenye kopo la sukari.

Jumamosi, 4 Aprili

Wakati wa chai, Mpima alipokwenda kuangalia saa za ukutani, nilivuta ufito wake nikazifunga pete mbili kwa ajili yake. Nilifanya upesi, mgongo nimewageuzia watu. Nilijua ninachofanya, maana moyo ulikuwa unaenda mbio kama wa mwizi.

Mkono ukashika meza pembeni yangu. Fundi.

"Mama, hiyo ni kazi yake."

"Namsaidia."

"Unamficha."

Nikawaka. Nikamwambia huyu ni mume wangu, amepima nusu ya mashamba ya nchi hii wewe hujazaliwa, usinifundishe kuishi naye. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema polepole, bila kupandisha sauti:

"Hesabu inampotea, Mama. Nimemwangalia wiki tatu. Mikono yake haina tatizo. Akifika kwenye kumi na kitu anapotea, na hajui kama amepotea. Kile si kiburi."

Nikatamani kumchukia. Nilikusanya vitu vyangu, nikamchukua Mpima kwenye saa, tukaondoka kabla ya muda. Njiani akaniuliza kama leo tumefunga pete. Nikasema ndiyo, mbili. Akafurahi.

Jumapili, 5 Aprili

Sikupokea simu ya binti.

Jumamosi, 11 Aprili

Sikutaka kwenda. Mpima ndiye aliyevaa viatu mapema, akasimama mlangoni na ufito ndani ya mfuko wake wa kitambaa.

Fundi hakugusia ya wiki iliyopita. Alisema tu kwamba leo, kabla ya mtu yeyote kufunga zaidi, pete zote zikaguliwe kama zimenyooka. Akamwita Mpima mbele.

"Mzee, nisaidie jicho."

Mpima alichukua ufito wa Dereva, akaukita shina shavuni, akafumba jicho moja, akatazama kupitia pete zote hadi nchani. Nilikuwa sijamwona akisimama hivyo tangu enzi za darubini yake ya kupimia na vigingi vyake. Mabega yalimshuka, pumzi ikatulia.

"Ya nne imeegemea kushoto. Kidogo tu, unene wa ukucha."

Fundi akaipima kwa uzi wa timazi. Ilikuwa imeegemea kushoto.

Mpima akapitia fito zote kumi na moja. Wangu pia: "Karani, ya pili yako imelewa." Watu wakacheka, mimi nikacheka, halafu nikalazimika kwenda kusimama kwa mtu wa ndege nikajifanya natazama ndege.

Fundi alinifuata na kikombe cha chai. Alinipa kikombe akarudi mezani.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekaa kuandika kabla hata sijabadili nguo zilizolowa.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi viatu. Niliporudi geti lilikuwa wazi, gari halipo, Mpima hayupo. Simu yake iko mezani inachaji. Mfuko wa ufito haupo. Nikajua: amedhani ni Jumamosi.

Nikampigia Fundi. "Ukumbi umefungwa, Mama, ila mimi niko karibu, naenda sasa hivi." Nikampigia Dereva, ambaye alikuwa ametoka zamu. Alifika na gari lake kabla sijapata mwavuli. Mvua ilikuwa ile ya kumwagwa kwa ndoo. Fundi akapiga: ukumbini hakuna mtu. Tukazunguka soko, ofisi za ardhi, kituo cha mafuta. Kila gari jeupe lilikuwa lake mpaka tulipolikaribia. Dereva hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Namshukuru kwa hilo. Aliniuliza tu maswali mafupi kwa mpangilio, kama wafanyavyo wenzake kazini: amevaa nini, anatumia dawa gani, huwa anapenda kwenda wapi.

Saa saba kasoro simu ikalia. Mlinzi wa shule yetu, ambaye tulifanya naye kazi miaka mingi.

"Karani, mzee yuko hapa getini. Yuko tangu saa tatu. Nimemwambia aingie ndani anasema anakungoja wewe utoke."

Miaka sita sijafanya kazi pale.

Tulimkuta ndani ya gari, injini inanguruma, vifuta maji vinakwenda huku na huku, ufito umelazwa kuanzia kiti cha nyuma hadi dirisha la mbele. Nikafungua mlango nikakaa kando yake, nimelowa. Akanigeukia na uso wa mtu aliyesubiri mkewe kwa subira.

"Umechelewa leo. Mwalimu mkuu kakuzuia tena?"

"Barua zilikuwa nyingi," nikasema.

"Huyo mtu anakunyonya."

"Ananinyonya kweli."

Akatia mkono kwenye gia, kisha akauacha hapo. Alitazama geti. Lina rangi mpya siku hizi, na maua yamepandwa pembeni. Akatazama mikono yangu. Muda mrefu hivi, vifuta maji vikiendelea.

"Wewe hufanyi kazi hapa," akasema.

"Hapana. Nilistaafu."

"Nilikuja kwenye sherehe yako. Nilivaa suti ya kahawia."

"Ulivaa. Na tai mbaya."

Akazima injini. Dereva alikuwa amesimama nje mvuani, amegeukia barabara ili asituone.

"Nilijua tangu mvua za mwaka jana," Mpima akasema. "Nikawa naandika kila kitu kwenye kidaftari changu cha vipimo. Halafu nikasahau kuandika." Akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaanza kunikasirikia. Nikaona afadhali hivyo kuliko unihurumie."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa joto kuliko wangu. Baada ya muda akashusha kioo, akamwita Dereva, akamkabidhi ufunguo wa gari kupitia dirishani kama mtu anayekabidhi ofisi.

"Endesha wewe, bwana mdogo. Mimi leo nimeendesha vya kutosha."

Tumerudi watatu tumebanana viti vya mbele, maana cha nyuma kimeshikwa na ufito. Gari la Dereva lilibaki pale, Fundi akalifuata baadaye kwa miguu, akalirudisha. Sikujua kama anajua hata kuendesha.

Jumapili, 19 Aprili

Jana hatukwenda, Mpima alikuwa na homa. Wiki ya saba imepita bila sisi.

Leo nilimpigia binti mwenyewe. Nikamwambia yote, hata ya kufunga pete kwa kujificha. Alilia, kisha akanikasirikia, kisha akauliza jina la daktari. Anakuja Jumatano.

Jumatano, 22 Aprili

Daktari ni mpole. Alimuuliza Mpima leo ni tarehe ngapi.

"Muulize Karani," akasema Mpima akinionyesha kwa kidole. "Yeye ndiye anayeandika."

Binti alitoka nje kidogo. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake. Dawa zitaupunguzia mwendo, hazitaugeuza. Mpima alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Mikono itabaki muda gani?" Daktari akasema mara nyingi mikono hukumbuka kwa muda mrefu zaidi. Mpima akaitikia kwa kichwa kama amepewa kipimo alichokihitaji.

Jumamosi, 25 Aprili

Nilimwendea Fundi kabla ya kukaa. Nikamwambia nilimkosea. Akasema, "Mama, zimebaki pete tano na Jumamosi tatu. Tukae."

Tulivuta kiti changu karibu na cha Mpima hadi magoti yakagusana. Ufito wangu niliuweka pembeni, nitaumalizia nyumbani. Yeye anazungusha, mimi nahesabu. Nilianza kwa kunong'ona, kwa aibu: moja, mbili, tatu. Kufika kumi aibu ilikuwa imeisha. Kufika ishirini na nne nikasema "kitanzi", naye akaingiza kitanzi. Ishirini na tano. Thelathini. Akapitisha uzi, akavuta, ukazama chini ya mizunguko bila kuacha alama.

Aliitazama ile pete. Mkono wake ukaenda kwenye wembe.

"Hiyo imekwisha," nikasema.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, na ni nzuri."

"Basi twende mbele."

Pete tatu leo. Dereva alikuwa anafunga zake kwa kufuata hesabu yangu, na mama mmoja wa upande wa pili wa meza naye pia. Nilijikuta nahesabia watu watatu.

Alhamisi, 30 Aprili

Binti amerudi kwake. Mvua imepungua, inanyesha asubuhi tu. Leo Mpima ameniita kwa jina la dada yake. Nikaitika.

Jumamosi, 2 Mei

Pete mbili za mwisho, kisha vanishi. Inapakwa juu ya uzi kwa brashi laini huku ufito unazungushwa polepole na mashine ndogo, isije ikachuruzika upande mmoja. Mpima alikaa mbele ya ile mashine muda wote akiangalia ufito wake ukizunguka. Kila baada ya dakika chache aliuliza ni wa nani.

"Wako," nikamjibu. Na tena: "Wako." Sikuhesabu ni mara ngapi. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze hainiudhi.

Jumamosi, 9 Mei

Siku ya mwisho ya maonyesho. Fundi alibana kila ufito mezani, akaning'iniza mfuko wa mchanga nchani kuona unavyopinda. Wangu ulipinda vizuri. Wa Dereva ulilia kidogo ukamtia jasho. Wa Mpima ulipinda kama upinde, na pete zote zikafuata mstari mmoja bila hata moja kuyumba.

Fundi aliutazama muda mrefu kuliko fito zote. "Huu ningeweza kuuweka mbele ya meza yangu," akasema. Mpima akamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba hautoki nyumbani kwake.

Wakati tunafungasha, Fundi alinishika kiwiko. "Msimu ujao nitahitaji jicho tena. Na mtu wa kuhesabu."

Sikumwambia kwamba huenda msimu ujao jicho nalo litakuwa limekwenda. Anajua. Nikamwambia tutakuja.

Jumamosi, 16 Mei

Mbingu ni safi. Dereva alitupeleka kwenye bwawa la maji nje ya mji, akatuacha kwenye nyasi, akaenda kujaribu wake upande wa pili.

Sijawahi kurusha mshipi maishani. Mpima akasimama nyuma yangu, akanishika mikono.

"Kidole hiki kishike mshipi. Rudisha ufito hadi begani, usiupitishe. Sasa mbele, na hapo katikati ya safari achia kidole. Usirushe kwa nguvu. Ufito ndio unaorusha, wewe unausindikiza tu."

Nikarusha. Mshipi ukaanguka miguuni pangu. Akanionyesha kwa ufito wake: mshipi ulikwenda mbali, ukatua bila sauti. Tukakaa tukiangalia maji. Baada ya kitambo akanigeukia.

"Karani, umewahi kurusha mshipi?"

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, wenye hamu.

"Sijawahi," nikasema. "Nifundishe."

Akaja nyuma yangu. Kidole hiki. Hadi begani, usiupitishe. Unausindikiza tu. Maneno yaleyale, subira ileile. Hakuharakisha hata neno moja. Safari hii mshipi ulifika majini, karibu.

Jua lilipopanda, akaniuliza mara ya tatu, nami nikamwambia sijawahi. Akanifundisha tena tangu mwanzo. Nikarudisha hadi begani, nikausindikiza, nikaachia. Mshipi ulitoka ukiimba, ukaenda, ukaenda, ukatua mbali kuliko nilivyodhani mkono wangu unaweza kufika.

Mpima alipiga makofi. Alicheka hadi Dereva akatugeukia kutoka ng'ambo.

"Mara ya kwanza tu!" akasema. "Mara ya kwanza tu na umeweza hivyo!"

"Nimepata mwalimu mzuri," nikamwambia.

Akasimama kando yangu, bega kwa bega, tukangoja samaki.